USDT Imeenda Siko: Jinsi ya Kuisaka, Kuirejesha na Kuzuia Isirudie

Mfanyabiashara wa Kikuubo, Kampala, anayelipia vioo vya simu Guangzhou, China, kwa USDT, sarafu ya kidijitali iliyofungwa kwenye thamani ya dola, amezoea mobile money: anaandika namba, jina la mpokeaji linatokea, anaingiza PIN. Akikosea anapiga 100, huduma kwa wateja, na kuomba pesa izuiwe kabla haijatolewa. Kwenye blokicheini, daftari la mtandaoni linaloandika miamala ya sarafu hizi, hakuna jina linalotokea wala namba ya kupiga. Muamala ukishathibitishwa hakuna fundi, kampuni wala serikali inayoweza kuugeuza nyuma. Kwa kawaida njia ni moja: mwenye ufunguo wa siri, yaani msimbo wa kutolea pesa, wa anwani ilikotua aitume tena.

Ndiyo maana swali la kwanza la kujiuliza ni hili: ufunguo wa pale ilipotua anao nani? Huenda ni wewe mwenyewe, huenda ni soko la sarafu (kampuni kama Binance inayouza na kutunza sarafu), mtu unayemjua (huyo mwombe aitume tena), mtu usiyemjua, au hakuna mtu kabisa. Kila jibu lina njia yake, na kufuata njia isiyo yako ni kupoteza siku ambazo pesa ingeweza kuokolewa.

Kabla ya kugusa chochote

Usifute programu ya pochi, ile inayotunza funguo zako. Usirudishe simu kwenye hali ya kiwandani. Usitume pesa nyingine "kuifuata" ya kwanza. Na usiandike kwenye makundi ya Telegram kwamba umepoteza pesa, maana ndani ya dakika chache utaanza kupata ujumbe wa watu wanaojiita wataalamu wa kurejesha. Hao tutawarudia.

Fungua historia ya pochi au ya soko ulilotumia, bonyeza muamala wenyewe, nakili namba yake, ile inayoandikwa TXID. Kwenye Bitcoin, Tron na Ethereum ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64; kwenye Solana ni mrefu zaidi. Kwenye Ethereum na mitandao ya jamii yake inatanguliwa na 0x. Kama soko bado linaonyesha kwamba ombi linashughulikiwa na TXID haijatoka, bahati iko upande wako: pesa haijaondoka. Tafuta kitufe cha kughairi, na kisipokuwepo ingia kwenye gumzo la huduma kwa wateja dakika hiyohiyo.

TXID ukishaipata, ipeleke kwenye kichunguzi, yaani tovuti ya kusomea miamala, cha mtandao uliopitisha pesa (USDT hupita mitandao kadhaa): Tronscan kwa Tron, Etherscan kwa Ethereum, BscScan kwa BNB Smart Chain, Solscan kwa Solana, mempool.space kwa Bitcoin. Soma hali ya muamala, tokeni (sarafu iliyotumwa) na kiasi, muda, na anwani ya mpokeaji. Hapa kwenye mpokeaji wengi hutetemeka bure. Ukituma USDT, ile anwani iliyo juu kama mpokeaji wa muamala ni mkataba wa USDT wenyewe, yaani programu inayoiendesha. Kwenye Tron ni TR7NHqjeKQxGTCi8q8ZY4pL8otSzgjLj6t. Mpokeaji halisi yuko chini kidogo, kwenye mstari unaoonyesha tokeni zilizohamishwa. Linganisha mstari huo na anwani uliyokusudia, herufi kwa herufi.

Ukiona muamala umefeli, hakuna kilichopotea isipokuwa ada. Kwenye Tron hutokea sana pale TRX, sarafu ya Tron, ya kulipia nishati (kazi ya kuchakata muamala) ilipokuwa haitoshi: TRX inateketea, USDT inabaki kwako. Ada hiyo hufika takriban mara mbili ikiwa anwani ya mpokeaji haina USDT yoyote ndani yake, kwa hiyo kiasi cha TRX kilichokutosha jana kwa mtu mmoja kinaweza kukuangusha leo kwa mwingine.

Jambo la saa pia ni muhimu. Vichunguzi kadhaa huandika muda wa UTC, saa ya kimataifa, nasi Uganda tuko saa tatu mbele. Muamala uliofanya saa nane na robo mchana ni 14:15 ya Kampala, na kwa UTC ni 11:15. Ukimwandikia mhudumu wa soko "saa nane" atatafuta 08:00 na kukujibu kwamba hauoni. Andika UTC.

Kama haujathibitishwa bado

Kwenye Bitcoin, bloku moja, yaani kifungu cha miamala iliyothibitishwa, hupatikana kwa wastani wa dakika 10, na muamala wenye ada ndogo unaweza kukaa foleni kwa saa kadhaa. Kama pochi yako ina uwezo wa kubadilisha ada, ule unaoitwa RBF, unaweza kutuma muamala mpya wenye ada kubwa zaidi unaorudisha sarafu zilezile kwako. Electrum na BlueWallet zina kitufe cha kufanya hivyo. Kwenye Ethereum kanuni ni hiyohiyo kwa njia nyingine: unatuma ETH 0 (ETH ni sarafu ya Ethereum) kwa anwani yako mwenyewe ukitumia namba ya mfuatano (nonce) ileile ya muamala uliokwama, na ada iliyo juu zaidi. Kitufe cha kughairi cha pochi ya MetaMask kinafanya kazi hiyo. Lakini bloku za Ethereum hutoka kila sekunde 12, na za Tron kila sekunde 3. Kwa USDT ya Tron usihesabu nafasi hii kabisa.

Ilipotua ni kwako mwenyewe

Hii ndiyo ajali nyepesi kuliko zote, na hutokea zaidi kwenye jamii ya anwani zinazoanza na 0x. Watu huogopa kuchanganya Tron na Ethereum, kumbe hapo pochi nyingi zitakukatalia zenyewe: anwani ya Tron huanza na T na ina herufi 34, ya Ethereum huanza na 0x na ina herufi 42. Mtego uko kati ya Ethereum, BNB Smart Chain, Polygon, Arbitrum na Base, kwa sababu zote zinatumia anwani ya sura moja na hakuna kinachokuzuia.

Tuseme umetoa USDT 350 sokoni kwa BNB Smart Chain ukaituma kwenye anwani yako ya MetaMask, na pochi inaonyesha sifuri. Pesa ipo. Ufunguo uleule unamiliki anwani ileile kwenye mitandao yote ya jamii hiyo, ila unaangalia mlango usio wake. Fungua orodha ya mitandao, washa BNB Smart Chain (namba ya mnyororo, yaani ya kuutambulisha mtandao, ni 56, Ethereum ni 1, Polygon 137, Arbitrum 42161, Base 8453). Tokeni isipojitokeza, iongeze kwa mkataba wake, na mkataba huo unakili kutoka kwenye muamala wako ndani ya BscScan, usiutoe kwenye ujumbe wa mtu. Kisha utahitaji BNB kidogo, sarafu ya mtandao huo, ya kulipia gesi, yaani ada ya muamala. Ya shilingi elfu mbili tatu inatosha. Watu wengi hukwama hapo: wana USDT 350 na hawana BNB hata chembe, basi haisogei.

Kama pochi yako haiujui kabisa mtandao huo, ingiza maneno yako ya siri 12 au 24 (yale uliyopewa ulipofungua pochi) kwenye pochi nyingine inayojulikana na inayoutambua. Pakua pochi hiyo kutoka tovuti rasmi ya watengenezaji, si kwenye kiungo ulichotumiwa. Tahadhari moja: pochi za mkataba, kama zile zinazohitaji saini za watu wawili au watatu, hazifuati kanuni hii. Anwani yake ya Ethereum inaweza isiwe na mwenyewe kwenye Polygon.

Ilipotua ni kwenye soko la sarafu

Ukituma kwenye anwani ya kuwekea pesa ya Binance au soko jingine kwa mtandao ambao soko halikuutaja, ufunguo wanao wao. Wanaweza kurejesha, ila hawalazimiki, na uamuzi hutegemea kama wanautumia mtandao huo, thamani ya pesa, na kazi itakayowachukua. Masoko makubwa yana ukurasa maalumu wa amana ambazo hazijaonekana. Anzia hapo kabla ya kuandika barua ndefu. Mengi hutoza ada na yana kiwango cha chini ambacho hayahangaiki nacho.

Ombi zuri ni fupi na halina malalamiko ndani yake:

"Nimetuma USDT 350 kwa mtandao wa BNB Smart Chain kwenye anwani yangu ya amana 0x… iliyokuwa ya Ethereum. TXID: … Muda: 11:15 UTC. Muamala umethibitishwa. Naomba irejeshwe kwenye akaunti yangu au kwenye anwani hii: … Nakubali ada ya urejeshaji."

Ambatanisha picha ya skrini ya kichunguzi na ya ukurasa wako wa amana. Fungua ombi moja tu, maana maombi matatu ya jambo moja mara nyingi hukurudisha nyuma ya foleni. Subira inahitajika; wiki kadhaa si ajabu.

Hapa kuna jambo ambalo limewachelewesha wengi. Soko ulilotumia kutuma limeshamaliza kazi yake, halina la kukusaidia. Anayeshika pesa ni soko la kupokea, nalo humsikiliza mwenye akaunti peke yake. Kama ulimtumia ndugu yako wa Arua kwenye akaunti yake, ombi lazima alifungue yeye, kwa jina lake na kitambulisho chake. Wewe mpe TXID na picha.

Umesahau tagi au memo

Sarafu za XRP, XLM na TON, kwenye masoko mengi, hutumia anwani moja kwa wateja wote, na kinachokutofautisha ni namba ndogo ya ziada: tagi kwa XRP, memo kwa XLM, maoni kwa TON. Ukiisahau, pesa imeingia kwenye ghala la soko bila jina. Mara nyingi hurejeshwa, kwa sababu hakuna ufundi mgumu. Wanahitaji ushahidi kwamba ni yako: TXID, kiasi kamili hadi desimali ya mwisho, na tagi uliyopaswa kuweka. Wengine watakuomba picha au video ukiwa na kitambulisho. Usitume muamala wa pili wenye tagi ukidhani utauvuta wa kwanza, hauuvuti. Ukiwa uliweka tagi ya mtu mwingine, mambo ni magumu zaidi, maana pesa imeshaingia kwenye akaunti ya mteja mwenye haki zake.

Ilipotua ni kwa usiyemjua

Kukosea herufi moja kwa kuandika kwa mkono ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Anwani za Bitcoin na Tron zina herufi za kujikagua ndani yake, na pochi itaikataa iliyokosewa. Anwani ya Ethereum hujikagua kwa mchanganyiko wa herufi kubwa na ndogo. Ikiandikwa yote kwa herufi ndogo, kinga hiyo haipo. Kwa hiyo pesa ikienda kwa mgeni, sababu za kawaida ni mbili: ulinakili anwani ya mtu mwingine, au ulitegwa.

Mtego unaoenea ni wa kupachika anwani ya kufanana. Mwizi anaona kwenye blokicheini kwamba unamlipa mtu mwenye anwani, tuseme, TQm4…9sKd. Anatengeneza anwani yake yenye mwanzo na mwisho huohuo, kisha anakutumia USDT 0 au chenji ndogo sana ili anwani hiyo ikae kwenye historia yako. Wiki ijayo unafungua historia, unaona TQm4…9sKd, unanakili, unatuma. Pochi za simu huficha katikati ya anwani, na tofauti yote iko katikati. Mei 2024 mtu mmoja alipoteza WBTC 1,155 (tokeni inayofuata bei ya Bitcoin), zenye thamani ya karibu dola milioni 68, kwa njia hii hii. Ilirudi sehemu kubwa kwa sababu tu mwizi alikubali kurudisha baada ya kubanwa. Wengi hawapati bahati hiyo.

Fuatilia pesa ilikoenda baada ya kutua. Kwenye Tronscan au Etherscan bonyeza anwani ya mpokeaji, tazama miamala ya kutoka. Ikihamia kwenye anwani yenye lebo ya soko fulani, hiyo ni habari njema: kuna kampuni inayojua jina la mwenye akaunti. Waandikie mara moja ukiwa na TXID zote kwa mpangilio. Hawatakupa jina, lakini wanaweza kushikilia akaunti kwa muda wakisubiri barua ya polisi. Kampuni za Tether na Circle, zinazotoa USDT na USDC, nazo zina uwezo wa kufungia USDT na USDC ndani ya anwani yoyote, ila kwa kawaida hutenda kwa maombi ya vyombo vya dola, na kufungiwa si kurudishiwa.

Kituo cha polisi, basi, ni hatua ya lazima kama kuna wizi. Kesi inaangukia kwenye Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Fungua jalada kituo cha karibu, hakikisha umeandikiwa namba ya SD (ya kitabu cha kumbukumbu za kituo), kisha uliza kuhusu kulipeleka kwa wapelelezi wa makosa ya mtandao, makao makuu ya upelelezi (CID) Kibuli. Askari wa zamu pengine hajawahi kuona TXID, kwa hiyo usimwachie simu yako aichambue. Mpelekee karatasi moja iliyochapishwa: kiasi kwa USDT na kwa shilingi za siku ile, muda wa Kampala na wa UTC, anwani yako, anwani ya mwizi, TXID, na jina la soko pesa ilikoonekana. Karatasi hiyo ndiyo itakayosafiri. Maelezo ya mdomo yanaishia kaunta.

Ujue pia unaposimama kisheria. Waraka wa Benki Kuu ya Uganda wa Aprili 2022 uliwazuia watoa huduma za malipo wenye leseni kuwezesha miamala ya kripto, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuupinga. Maana yake kwako ni kwamba benki au kampuni ya simu haitakusaidia kwa upande wa USDT. Upande wa shilingi ni jambo jingine.

Upande wa shilingi

Ukinunua USDT kwa mtu mwingine kupitia soko (P2P), kisha shilingi ikaenda namba isiyo yake, usibonyeze kwamba umelipa na usighairi oda kabla ya kumweleza muuzaji kwenye gumzo la ndani ya soko. Piga 100 kwa laini uliyotumia, MTN au Airtel, ukiwa na namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe mfupi. Kila dakika ina thamani, kwani pesa ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kuzuia. Na jina lililotokea kwenye *165# (MTN) au *185# (Airtel) lisipofanana na jina la muuzaji lililo kwenye soko, usiingize PIN.

Imeganda

Ukituma tokeni kwenye anwani ya mkataba wake wenyewe, au kwenye anwani ya sifuri tupu, hakuna ufunguo wa kuitoa. Mikataba michache ina mlango wa mwenyewe wa kutolea tokeni zilizopotea; waulize waliotoa tokeni, mara moja, halafu uendelee na maisha yako. Tunasema hivi kwa uchungu, kwa sababu ni hapa wezi wa awamu ya pili hupata mawindo.

Wanaojitolea kukurejeshea

Hakuna programu inayoweza kuvuta sarafu kutoka anwani ya mtu bila ufunguo wake. Anayekuomba maneno yako 12 anataka kilichobaki. Anayekuomba ada ya awali, kisha "kodi ya kutolea", kisha "gesi", atakuomba hadi uishiwe. Wengine wanakuonyesha ukurasa wenye salio lako limerudi. Ni picha tu. Na ukiona mtu "mjinga" ameweka hadharani maneno 12 ya pochi yenye USDT nyingi, usimwekee TRX ya ada ukidhani utaichukua: USDT ile haitoki bila saini ya mwingine, na TRX yako inaondoka mara moja.

Kuzuia: malipo ya USDT 2,000 hatua kwa hatua

Muulize mpokeaji mambo manne kwa maandishi: sarafu gani, mtandao gani, anwani, na kama kuna memo. Kisha mpigie simu ya sauti akusomee herufi nane za mwisho na sita za katikati. Simu ni muhimu kwa sababu WhatsApp ya muuzaji inaweza kuwa imetekwa, na anwani uliyopokea ni ya mwizi.

Hifadhi anwani hiyo kwenye kitabu cha anwani cha pochi kwa jina la mtu na la mtandao, mfano "Chen – Tron". Kwenye soko, washa orodha ya anwani zilizoidhinishwa, ili pesa isiweze kwenda nje ya orodha hata ukiteleza. Kuanzia hapo chukua anwani kwenye kitabu tu, kamwe usiichukue kwenye historia.

Tuma jaribio la USDT 5 au 10. USDT 1 ni kosa la kawaida: soko la mpokeaji likiwa na kiwango cha chini cha amana, jaribio halitaonekana na mtaanza kubishana bure. Baada ya kubandika anwani, kabla ya kuthibitisha, linganisha herufi sita za mwanzo, sita za katikati na sita za mwisho. Kuna programu hasidi zinazobadilisha anwani kati ya kunakili na kubandika, na zimekuwa zikifichwa ndani ya nakala zisizo rasmi za WhatsApp na Telegram. Simu ya biashara isiwe na nakala hizo. Ukitumia msimbo wa QR, uskani kutoka skrini ya mpokeaji mwenyewe, si karatasi iliyobandikwa ukutani.

Subiri mpokeaji aseme amepokea, kwa kutaja kiasi. "Iko sawa" haitoshi. Atume picha ya salio au TXID aliyoiona upande wake. Ndipo utume zilizobaki, ukirudia kulinganisha herufi kana kwamba hukuwahi kujaribu, maana anwani hasidi hupachikwa kwenye historia mara tu baada ya jaribio lako kuonekana. Weka TRX ya kutosha miamala miwili kwa kiwango cha juu cha ada. Na kwenye daftari la duka, pembeni ya jina la bidhaa, andika TXID zote mbili na saa kwa UTC.